Subira Iliyowashinda Wenye Mizinga

Akitajwa mtu aliyepambana na mkoloni bila ya silaha, jina litanguliao ni la Mahatma Gandhi, na ni haki yake. Lakini mimi niliyesomea chuoni, nikalipokea neno subira pamoja na alifu zangu za kwanza, humkumbuka pia Abdul Ghaffar Khan, Mwislamu wa kabila la Wapashtuni. Alizaliwa karibu na mwaka 1890 katika kijiji cha Utmanzai, si mbali na Peshawar, mpakani mwa Bara Hindi na Afghanistan, Mwingereza alipokuwa akitawala huko.

Msomaji, tazama alikotoka. Kwao mwanamume alikuwa na bunduki yake, na damu ikimwagika ilidaiwa kwa damu, hata deni hilo likarithiwa na wajukuu. Kuwaambia watu kama hao waweke silaha chini halikuwa jambo jepesi.

Yeye alianza na elimu. Mwaka 1910 alifungua shule kijijini kwao. Mkoloni hakuipenda kazi yake, na mwaka 1921 akamtia gerezani miaka 3. Alipotoka hakunyamaza. Mwaka 1929 akaunda Khudai Khidmatgar, yaani Watumishi wa Mungu. Kila aliyejiunga alikula kiapo kuwa, kwa vile Mungu hana haja ya kutumikiwa, atawatumikia viumbe vyake, ataacha kisasi, wala hatainua mkono kumpiga mtu. Nguo zao nyeupe zilichafuka upesi, wakazitia rangi ya matofali, na Waingereza wakawaita Mashati Mekundu. Naye kiongozi wao aliwafunza kuwa silaha hiyo si ya kigeni: ni ya Mtume mwenyewe, nayo ni subira na haki.

Mtihani ulifika tarehe 23 Aprili, 1930. Abdul Ghaffar Khan alikamatwa, na watu wakajaa katika soko la Qissa Khwani, mjini Peshawar. Magari ya deraya yakaingia, na risasi zikapigwa. Watu wasio na kitu mkononi wakaanguka. Serikali ilihesabu maiti kwa makumi, wenyeji wakawahesabu kwa mamia. Lakini siku ile ile kikosi cha askari wa Kigarhwal, Wahindu waliokula mshahara wa Mwingereza, kilikataa kuwapiga risasi Waislamu wale. Mmoja wa viongozi wao, Chandra Singh, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi akafungwa miaka mingi.

Jiulize: lau umati ule ungalikuwa na bunduki, je, askari hao wangalikataa? Mimi siamini.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Sisi watu wa Pwani neno subira tumelitia ulegevu. Mtu akidhulumiwa shamba lake huambiwa, "Subiri, Mungu yupo," na mara nyingi asemaye hivyo ndiye anayeketi juu ya shamba lenyewe. Subira ya Abdul Ghaffar Khan haikuwa ya kuketi. Ilikuwa ya kusimama mbele ya mtutu, ukasema haki yako, usikimbie wala usipige.

Wala malipo yake hayakuwa matamu. Aliipinga Bara Hindi kugawanywa mwaka 1947, na Pakistan ilipozaliwa alifungwa tena na tena. Tarehe 12 Agosti, 1948, huko Babrra, polisi wa nchi iliyo huru waliwapiga risasi wafuasi wake. Alifariki Peshawar tarehe 20 Januari, 1988, baada ya maisha aliyoyapitisha kwa miaka mingi kifungoni na uhamishoni. Alizikwa Jalalabad, Afghanistan, na nchi ile iliyokuwa vitani ikatangaza kusimamisha mapigano kwa ajili ya maziko yake. Hata hivyo mabomu yaliripuka yakawaua waliokuja kumzika.

Wahenga walisema subira ni ufunguo wa faraja. Ni kweli, lakini ufunguo haufungui mlango ukiwa mfukoni. Basi ukimsikia mtu akimwambia aliyedhulumiwa asubiri, muulize kwanza: subira ipi, ya kusimama au ya kulala?