Ulinzi wa kompyuta kwa biashara ndogo Pangani: ulipie kipi, uache kipi

Mwenye stesheneri Pangani mjini hupokea flashi kutwa nzima: ya mwanafunzi, ya karani wa kijiji, ya mgeni wa Ushongo anayetaka kuchapa tiketi. Kirusi kinachosumbua sana huficha mafaili na kuacha shotikati. Ukiibofya, kinahamia kwenye kompyuta na kuambukiza kila flashi inayofuata. Kompyuta hiyo hiyo ina nakala za vitambulisho vya NIDA vya wateja. Fedha ikiwa kidogo, ianzie wapi?

Windows isiyo na leseni. Bei yake ndogo, hasara yake kubwa. Mara nyingi masasisho huzimwa, na programu ya kuifungulia huweza kuja na kirusi. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi zipatazo 150 kupitia mwanya ambao Microsoft ilikwisha kuuziba Machi, bila malipo. Zana iliyotumika ilivuja kutoka NSA, shirika la ujasusi la Marekani. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha, zikiwemo hospitali za Uingereza.

Windows 10. Huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ikikubali, hamia Windows 11 bure. Ikikataa, mfumo wa Linux ni bure na inatosha kwa kuandika na kuchapa.

Antivairasi. Ya kulipia hudai ada kila mwaka. Defender imo ndani ya Windows bila malipo; kwa kompyuta moja au mbili zinazosasishwa, inatosha. Ya kulipia inaifaa hoteli yenye mashine nyingi.

Nakala za akiba. Diski ya nje hununuliwa mara moja. Ukimaliza kunakili, ichomoe, maana kirusi kama WannaCry hufunga pia mafaili ya diski iliyochomekwa. Google hutoa GB 15 bure, ila kupandisha mafaili hula bando. Weka huko daftari la hesabu tu.

Waifai ya wageni. Ruta nyingi zinaweza kuitenga na ya ofisi. Gharama ni ya fundi tu, na abadilishe pia nywila ya kiwandani.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Futa nakala za vitambulisho kazi ikiisha.

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua diski ya nje.