Kutoka London Hata Dar es Salaam: Mwendo na Saa

Mwezi wa Januari tulikwenda Kurasini kuhani msiba. Mzee wa nyumba alikuwa amefariki, na binti yake yuko London. Jamaa walikaa barazani wakiulizana, "Tungoje, au tuzike?"

Binti alikuwa amekwisha piga simu: "Baba mdogo, ndege yangu yaondoka saa mbili usiku, na safari nzima ni saa 14." Baba mdogo akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi atafika kesho saa nne asubuhi. Tutazika saa sita." Watu wakaitikia. Lakini mwalimu mmoja aliyeketi karibu na mlango akauliza kwa adabu, "Mzee, saa mbili hiyo ni ya wapi?"

Hapo ndipo penye fundisho. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, nasi tuko mashariki ya London kwa nyuzi 39 hivi. Kwa hiyo jua hufika utosini kwetu kabla ya kufika kwao. Wakati wa baridi ya kwao saa zetu huwa mbele kwa saa 3. Tangu mwisho wa Machi hata mwisho wa Oktoba huwa mbele kwa 2 tu, maana Waingereza husogeza saa zao. Basi saa mbili ya binti ilikuwa saa tano usiku kwetu. Ongeza 14, utapata saa saba mchana. Kama wangalizika saa sita, angalikuta kaburi limekwisha fukiwa.

Na mwendo wenyewe je? Kwa njia iliyonyoka ni yapata kilomita 7,500. Ndege kubwa ya abiria huenda kilomita 850 hata 900 kwa saa, hivyo saa 10 hutosha, kama zilivyoruka moja kwa moja ndege za British Airways hata zilipokoma mwaka 2013. Binti alipita Addis Ababa, na njia hiyo haipotoki sana: yapata kilomita 7,700. Saa zilizozidi zilikuwa za kungoja huko. Apitaye Doha huzunguka, akaenda kilomita 9,000 hivi. Kwa hiyo msiulize umbali tu. Ulizeni pia ndege yatua wapi, na yangoja muda gani.

Mwaka 1937 eropleni za majini za Imperial Airways, zilizotoka Southampton kwenda Durban, zilianza kutua katika bandari ya Dar es Salaam. Abiria wake walilala njiani siku kadhaa. Zamani zile hakuna maziko ambayo yangaliweza kumngoja mtu wa London.

Baba mdogo hakuona haya kukubali kosa lake. Maziko yakasogezwa hata saa kumi. Saa tisa na nusu gari likasimama mlangoni, na binti akamzika baba yake pamoja na nduguze.

Walimu, wapeni watoto hesabu hii. Ni fupi, lakini siku moja nyumba nzima yaweza kuitegemea.