Kompyuta ya Nyumbani Imezeeka? Usiitupe Kabla ya Kujaribu Mfumo Huria

Mamangu ni mweka hazina wa chama. Wanachama ni 22, mchango ni kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na hesabu yote inakaa kwenye laptopu moja: ThinkPad X240 aliyoinunua ikiwa imeshatumika, zile tunazoita ex-UK. Humo ndimo anamopakua taarifa za miamala, anamojaza daftari la mikopo, na anamosoma barua pepe za wanachama walio nje ya nchi.

Laptopu ilikuja na Windows isiyo na leseni. Fundi aliyeiweka alisema ni kitu kidogo, "unazima antivirus dakika mbili, unaweka ka-programu haka, basi." Mama akakubali. Nani angekataa? Leseni halali ilikuwa inakaribia nusu ya bei ya mashine yenyewe.

Miezi kadhaa baadaye, kivinjari kikaanza kufungua kurasa za kamari bila kuulizwa. Tukacheka, tukasema ni uzee. Halafu asubuhi moja wanachama wakapokea barua pepe kutoka kwa anwani ya mama: nambari ya chama imebadilika, tumeni mchango kwa hii mpya. Mmoja alituma shilingi 3,500 kabla ya kupiga simu kuuliza. Siwezi kuapa kwamba chanzo kilikuwa ile programu ya fundi. Lakini ukizima ulinzi wa kompyuta ili uweke kitu usichojua kimetoka wapi, huna tena haki ya kushangaa.

Hiyo ndiyo sababu niko hapa kuandika kuhusu Linux kwenye blogu ya malipo ya simu. Pesa yako iko kwenye simu, ndiyo, lakini kumbukumbu zake, barua pepe yako na nywila zako ziko kwenye kompyuta. Ukiacha dirisha wazi, kufunga mlango hakusaidii.

Kwa nini uamue sasa

Windows 10 ilizinduliwa Julai 2015, na msaada wake wa kawaida ukafika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo. Ilichokosa ni viraka vya usalama vya bure, yaani marekebisho ya mianya ambayo wahalifu wanaitafuta kila siku. Microsoft ilitoa mpango wa kuongeza muda kwa wanaojisajili, lakini huko ni kusogeza siku tu.

Kwenda Windows 11 nako kuna sharti: inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache sana. X240 ya mama ni kizazi cha 4, na laptopu nyingi za mtumba zilizo majumbani kwetu ziko hapo hapo. Kwa hivyo chaguo ni tatu: ununue mashine mpya, uendelee bila viraka, au ubadilishe mfumo endeshi. Hii ya tatu haina bei.

Huria maana yake nini

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoamsha kompyuta na kusimamia diski, skrini, intaneti na programu nyingine zote. Ukiwa huria, msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Na usione kama ni jambo geni. Ikiwa una simu ya Android, tayari unatumia kiini cha Linux kila unapolipa sukuma wiki.

Juu ya kiini hicho, watu tofauti wamejenga mifumo kamili yenye majina tofauti. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu iko mingi kama matatu za Tom Mboya. Neno moja litakusaidia kuchuja: uthabiti.

Thabiti si "haigandi" peke yake

Tukisema mfumo ni thabiti, tunafikiria ule ambao haugandi. Ni kweli, lakini kwa watengenezaji wa Linux neno hilo lina maana ya pili: mfumo usiobadilika-badilika. Ukizoea kitufe kiko kushoto, mwaka ujao utakikuta kushoto. Viraka vya usalama vinaendelea kuja, ila mambo mapya makubwa yanangoja toleo lijalo.

Jiulize basi maswali mawili kuhusu mfumo wowote: toleo hili litapata viraka kwa miaka mingapi? Na mambo yake yanabadilika mara ngapi? Fedora, kwa mfano, ni mfumo mzuri sana, lakini hutoa toleo jipya takriban kila miezi sita, na kila toleo hutunzwa kwa karibu miezi 13. Arch haina matoleo kabisa, vitu vipya vinaingia mfululizo. Kijana anayesomea kompyuta atazipenda. Mweka hazina wa chama ataniita kila wiki.

Tatu za kuanzia

Debian. Ilianzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock, na inaendeshwa na watu wa kujitolea kote duniani. Tawi lake kuu linaitwa "stable" kabisa, na toleo jipya hutoka takriban kila miaka miwili. Debian 13 ilitoka Agosti 2025. Kila toleo hutunzwa miaka mitatu, kisha miwili zaidi ya matunzo ya muda mrefu. Zamani kero yake ilikuwa Wi-Fi: uliweka mfumo ukakuta kadi haisomwi. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, programu nyingi za kuendesha vifaa hivyo zinakuja ndani ya kisakinishi. Ni tulivu mno, lakini inakutarajia ujue unachofanya.

Ubuntu. Imejengwa juu ya Debian, ikatoka mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake huhitaji kutafsiriwa: ubuntu ni ndugu wa neno letu utu. Hapa kuwa makini, chukua toleo lililoandikwa LTS tu, ambalo hutoka kila miaka miwili na hutunzwa miaka mitano. Ubuntu 24.04, ya Aprili 2024, ni mojawapo. Sura yake ya kawaida ni nzito kidogo. Ukiwa na RAM ya GB 4 utaisikia ikihema.

Linux Mint. Ilianza 2006, na toleo lake kuu limejengwa juu ya Ubuntu LTS, kwa hivyo inarithi miaka ile ile ya viraka. Mint 22 inatunzwa hadi 2029. Menyu iko chini kushoto, saa chini kulia, kama Windows ya zamani. Inahitaji RAM ya GB 2 angalau, ingawa wenyewe wanapendekeza 4, na diski ya GB 20 kwenda juu. Mashine ikiwa dhaifu, chukua ile yenye sura ya Xfce.

Mama tulimwekea Mint ya Xfce. Sababu haikuwa ya kitaalamu sana: aliitazama akasema, "Si hii ni ileile tu?" Nikajua tumepata.

Jaribu kabla ya kufuta chochote

Uzuri wa mifumo hii ni kwamba unaweza kuionja kutoka kwenye flashi, bila kugusa kilicho kwenye diski. Fanya hivi.

1. Nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje au flashi nyingine. Yote. Fungua machache uhakikishe yanafunguka.

2. Pakua mfumo kutoka kwenye tovuti yake rasmi. Mint ni karibu GB 3, kwa hivyo tafuta Wi-Fi ya kazini au ya rafiki badala ya kumaliza bando.

3. Hakiki ulichopakua. Tovuti hukupa msururu mrefu wa herufi na nambari unaoitwa SHA256, na maelezo ya kuulinganisha na faili yako. Usiruke hatua hii. Februari 2016 wahalifu waliingia kwenye tovuti ya Mint yenyewe wakaelekeza watu kwenye nakala yenye mlango wa nyuma. Na mafunzo ya tukio hilo ni kulinganisha pia sahihi ya kidijitali, maana tovuti ikivamiwa hata ule msururu unaweza kubadilishwa.

4. Andika faili kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya bure kama Rufus au balenaEtcher. Kila kitu kilichokuwa kwenye flashi hiyo kitafutika.

5. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwa Lenovo na Dell nyingi ni F12, kwa HP nyingi ni F9.

6. Ukiwa ndani, jaribu maisha yako halisi. Wi-Fi inashika? Sauti je? Printa inachapa? Fungua taarifa ya miamala ya PDF, ile inayotaka nambari ya siri. Fungua daftari lako la Excel kwa LibreOffice.

Kitu kikikataa hapa, toa flashi, washa upya, na Windows yako iko palepale.

Utakachokosa

Nisikudanganye, kuna gharama. Microsoft Office ya kusakinisha haipo; LibreOffice inafungua mafaili mengi vizuri, lakini yale yenye macro yanaweza kugoma, na fomu za kodi za kupakua zimo humo. Ikiwa unajaza marejesho kwa fomu ya namna hiyo, ijaribu mapema, usingoje tarehe 30 Juni. Programu za Adobe hazipo, na programu nyingi za uhasibu zilitengenezwa kwa Windows pekee. Kama mkate wako unategemea mojawapo, baki na Windows yenye leseni kwenye mashine inayoikubali. Hakuna aibu.

Na Linux si hirizi. Ukibonyeza kiungo cha ulaghai na kuandika nywila yako, itaibiwa vizuri tu kama kwingine.

Ukishahamia

Washa masasisho na uyaruhusu kila yakija. Wakati wa kusakinisha, weka alama kwenye kisanduku cha kufumba diski nzima. Laptopu ikiibwa, mwizi atabaki na chuma tu. Lakini andika ile nywila mahali salama, maana ukiisahau hata fundi hawezi kukuokoa. Kwenye Mint, washa Timeshift, inayopiga picha ya mfumo ili uweze kurudi nyuma sasisho likiharibu jambo. Mafaili yako binafsi yanahitaji nakala yao pekee.

Kisha badilisha nywila ya barua pepe ukiwa kwenye mfumo mpya, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Mama alisahau hili wiki ya kwanza. Mfumo ulikuwa safi lakini ufunguo wa zamani ulikuwa bado mikononi mwa watu.

Kwa upande wa pesa, kanuni ni zile zile. PIN yako ni ya simu tu, usiiandike kwenye faili la kompyuta hata liitwe "mapishi". Ukipokea ujumbe kwamba nambari ya malipo imebadilika, piga simu kwa mtu unayemjua kabla ya kutuma, na soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Ukikosea, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja. Kadiri unavyokawia ndivyo pesa inavyozidi kuwa ngumu kurudishwa.

Yule mwanachama hakupata 3,500 zake, zilikuwa zimeshatolewa. Chama kilikaa kikakubaliana kumrudishia kutoka kwa mfuko wa dharura. Mama alisisitiza nusu itoke kwake, na ikatoka. Siku hizi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi anafungua ile X240, anasubiri kidogo, anaangalia ile ngao ndogo chini kulia inayoonyesha masasisho. Ikiwa ina doti, anasasisha kwanza. Hesabu inafuata.