Chapa ya Kanga na Ushahidi wa Rangi Katika Ukusanyaji wa Msamiati

Atakayekusanya majina ya ndege Mishomoroni, bara ya Kisauni, hana budi kuwaonyesha wazee picha. Neno kanga likitajwa peke yake, laweza kuwa ndege, au nguo ambayo Wamombasa huiita leso. Picha za karne ya 19 zavutia kwa kazi hiyo. Lakini ni shahidi wa kiasi gani?

Tuchukue mfano wa kanga mwenye kichwa kama cha tumbusi, aliyemo katika kitabu cha Daniel Giraud Elliot kuhusu ndege wa jamii ya Phasianidae (1870–1872). Michoro ilikuwa ya Joseph Wolf. Joseph Smit na J. G. Keulemans wakaihamishia mawe ya chapa.

Ufundi huo, uliobuniwa na Mjerumani Alois Senefelder mwishoni mwa karne ya 18, wategemea jambo moja: mafuta na maji havipatani. Fundi huchora kinyumenyume, kwa kalamu ya mafuta, juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa. Jiwe hupakwa gundi iliyotiwa asidi kidogo, kisha hulowanishwa. Wino wa mafuta hushika mchoro na kukataa palipo maji. Karatasi hukandamizwa juu yake, ikatoka picha ya rangi moja. Ndipo wapaka rangi hushika brashi, kila karatasi kwa zamu yake, wakifuata nakala ya kielelezo.

Basi picha moja ina mashahidi wawili. Mistari ya jiwe ni ile ile katika kila nakala. Rangi ya mkono yaweza kutofautiana. Isitoshe, wachoraji wa Ulaya mara nyingi walitegemea ngozi zilizokaushwa. Manyoya huhifadhi rangi vizuri, lakini ngozi tupu ya uso na macho hufifia ndege akishakufa. Hasara hii si ndogo: kororo hutambulikana kwa kishungi chake, na pia kwa wekundu na ubuluu wa uso na shingo.

Kamusi ya Krapf (1882) ilitoa maneno bila picha. Chapa ilitoa picha yenye jina la Kilatini. Anayeziunganisha aamini kwanza umbo, kishungi na madoa, kisha rangi. Na asisahau kuuliza mlio na makazi ya ndege, kwani hayo hayakuchukuliwa na jiwe wala brashi, bali yamo vinywani mwa wasemaji.