Palermo: Mji uliokuwa na misikiti mia tatu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, Qur'ani Tukufu inatuhimiza katika sehemu nyingi tusafiri na tuzingatie hatima ya waliotutangulia. Wengi wetu tukisikia himizo hilo, fikra zetu hukimbilia Misri ya Firauni au magofu ya kaumu ya Thamudi. Juma hili natutembee mahali ambapo waliotutangulia walikuwa watu wa kibla kama sisi, wakiswali, wakifunga na kuwafundisha watoto wao Qur'ani. Mahali penyewe ni Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sisilia, kusini mwa Italia. Waarabu waliuita Balarm.

Kadhi aliyevuka bahari

Sisilia iko kiasi cha kilomita 150 tu kutoka pwani ya Tunisia. Mwaka 827 (212 Hijria) jeshi la utawala wa Aghlabi lilivuka bahari likiongozwa na mwanachuoni, Asad ibn al-Furat, Kadhi wa Qayrawan. Huyu alikuwa amesoma kwa Imam Malik mjini Madina, kisha akasoma Iraq kwa wanafunzi wa Imam Abu Hanifa. Alifariki mwaka uliofuata wakati wa kuuzingira mji wa Syracuse, wala hakuiona Palermo ikifunguliwa mwaka 831. Tangu hapo mji huo ulikuwa chini ya watawala Waislamu kwa zaidi ya miaka 240, mpaka mwaka 1072.

Mitaa yenye majina tunayoyajua

Mgeni anayetembea leo katika Palermo ya zamani, hasa aliye Mswahili, hupata jambo la kumshangaza. Barabara kuu inayoukata mji wa kale kutoka baharini hadi kwenye Ikulu ya wafalme huandikwa Corso Vittorio Emanuele, lakini wenyeji huiita Cassaro. Neno hilo ni al-Qasr la Kiarabu, ambalo sisi tunalitamka kasri. Karibu na bandari uko mtaa wa Kalsa. Asili yake ni al-Khalisa, makao yenye ngome yaliyojengwa na gavana wa Mafatimi katika karne ya 10. Ni shina lile lile lililotupatia neno halisi. Upande wa magharibi liko jumba la Zisa, na jina hilo limetokana na al-Aziz, ambalo kwetu ni azizi.

Liko pia daraja la mawe la karne ya 12 liitwalo Ponte dell'Ammiraglio, yaani Daraja la Amiri. Cheo cha amiri kiliingia katika lugha za Ulaya kupitia mji huu, kikawa jina la mkuu wa majeshi ya majini. Hata wavuvi wa Sisilia, waliokuwa wakivua jodari kwa mitego mikubwa ya nyavu, walimwita kiongozi wao rais.

Basi tusidhani kwamba maneno haya yalitoka kwetu kwenda kwao, au kwao kuja kwetu. Chemchemi ilikuwa moja, nayo ni Kiarabu, na mifereji yake ikafika Palermo kama ilivyofika Lamu na Unguja.

Alichokiona Ibn Hawqal

Mwaka 973 (362 Hijria) msafiri Ibn Hawqal alifika Balarm na kuandika habari zake kwa kina. Aliutaja mji kwa sehemu zake tano: al-Qasr, al-Khalisa, mtaa wa Waslavi, mtaa wa msikiti wa Ibn Siqlab na mtaa mpya. Alitaja masoko ya wauza mafuta, wauza nafaka, wahunzi na wachinjaji. Katika msikiti wa wachinjaji alihesabu safu 36, kila safu ikiwa na watu wapatao 200, yaani jumla ya watu kama 7,000. Idadi ya misikiti aliyoiandika inapita 300.

Hapa msomaji huenda akasema: Masha Allah! Lakini Ibn Hawqal aliuliza swali ambalo nasi tuna haki ya kuliuliza: kwa nini misikiti mingi kiasi hiki, iliyobanana hivi? Alisema kwamba aliposimama mahali pamoja aliona, ndani ya umbali wa mtupo wa mshale, misikiti kama kumi, mingine ikitazamana kwa kutenganishwa na njia tu. Jibu alilolipata ni kwamba kila mtu, kwa kiburi, alitaka awe na msikiti wake mwenyewe asioshirikiana na mwingine, ili utajwe kwa jina lake. Alimkuta mwanachuoni mmoja mwenye msikiti wake ambaye, hatua chache tu kutoka hapo, alikuwa amemjengea mwanawe msikiti mwingine.

Ni kweli kwamba Ibn Hawqal alikuwa na ulimi mkali. Aliwakejeli walimu wa mji ule, na hata akadai kwamba vitunguu vibichi walivyokula wenyeji asubuhi na jioni viliwaharibu akili! Si kila neno lake tulichukue kuwa hukumu. Lakini maradhi aliyoyataja, ya kuijenga nyumba ya Mwenyezi Mungu kwa ajili ya jina la mja, hayahitaji shahidi kutoka mbali. Tunayajua.

Nyumba iliyogombana

Wengi hudhani Sisilia ilipotea kwa sababu adui alikuwa na nguvu. Wanahistoria, akiwemo Ibn al-Athir, wanatusimulia habari nyingine, nayo inaanzia chumbani.

Katika karne ya 11 kisiwa kilikuwa kimegawanyika, kila amiri na ngome yake. Mmoja wao, Ibn al-Thumna, alimwoa Maymuna, dada wa hasimu wake Ibn al-Hawwas. Siku moja, akiwa amelewa, aligombana na mkewe, akaamuru akatwe mishipa ya mikono ili damu imwishe. Mwana wa amiri huyo, Ibrahim, aliwahi kuleta matabibu, na bibi yule akapona. Asubuhi mume alijuta na kuomba radhi. Maymuna alionyesha kusamehe, kisha akaomba ruhusa ya kumtembelea kaka yake. Alipofika kwake akaeleza yaliyompata, na kaka akaapa hatamrudisha.

Vita vikazuka baina ya mashemeji, na Ibn al-Thumna akashindwa. Badala ya kutafuta suluhu aliwaendea Wanormani waliokuwa ng'ambo, katika bara la Italia, akawaalika kisiwani. Mwaka 1061 wakavuka. Baada ya miaka kumi na moja walikuwa ndani ya Palermo.

Ndugu msomaji, zingatia mnyororo huo. Ulianza na kileo, ukaja mkono ulionyanyuliwa juu ya mke, kisha shemeji wasiopatana, mwisho taifa zima likapotea. Kila siku katika nyumba zetu tunasema, "Haya ni mambo yetu ya ndani." Watu wa Sisilia waliligharimia neno hilo kwa kisiwa kizima.

Kilichobaki baada ya utawala kuondoka

Wanormani walikuwa Wakristo, lakini mwanzoni hawakuwa wajinga wa kutupa elimu waliyoikuta. Mfalme Roger II, aliyetawazwa mwaka 1130, alitumia makatibu na mafundi wa Kiislamu. Ukiingia katika kanisa dogo la Ikulu yake, Cappella Palatina, lililowekwa wakfu mwaka 1140, utaona kutani nakshi za vigae vya dhahabu za mafundi wa mila ya Rumi ya Mashariki. Inua macho juu, na hapo utaona dari ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa muqarnas, kama mizinga ya nyuki inayoning'inia, yenye maandishi ya Kiarabu ya Kikufi. Joho la mfalme huyo, lililotariziwa Palermo mwaka 528 Hijria kama maandishi yake ya Kiarabu yanavyosema, limehifadhiwa Vienna hadi leo.

Katika ikulu ya Roger ndimo Sharifu al-Idrisi alimofanya kazi kwa miaka mingi na kukamilisha, mwaka 1154 (548 Hijria), kitabu chake mashuhuri cha jiografia pamoja na ramani za dunia. Humo aliandika habari za nchi ya Zanj, akaitaja Malindi na Mombasa. Pwani yetu, ambayo Ulaya haikuwa ikiijua, iliandikwa kwa kalamu ya Mwislamu chini ya dari ya mfalme Mkristo wa Palermo. Alitengeneza pia ramani juu ya sahani kubwa ya fedha. Sahani hiyo haikudumu. Kitabu kimedumu.

Jumba la Zisa, lililoanzwa mwaka 1165, hivi sasa ni jumba la makumbusho ya sanaa ya Kiislamu. Katika ukumbi wake wa chini maji yalibubujika ukutani, yakapita katika mfereji wa marumaru, na upepo ukayapoza mapito. Chini ya ardhi ya Palermo ipo mifereji ya maji iitwayo qanat, iliyochimbwa kwa elimu iliyoletwa na Waarabu, na baadhi yake wageni huteremshwa kuitazama. Wasisilia bado huliita birika la kumwagilia shamba gebbia, kutokana na jabiya ya Kiarabu.

Halafu ipo nguzo moja. Katika ukumbi wa mlango wa kusini wa Kanisa Kuu la Palermo, jengo la mwaka 1185 lililosimama pale palipokuwa msikiti mkuu, imo nguzo iliyochongwa sehemu ya Aya ya 54 ya Suratul-A'raf, inayozungumzia usiku na mchana na jua na mwezi vinavyotii amri ya Mola wao. Waumini wa dini nyingine wameipita nguzo hiyo kwa karne nyingi. Katika misikiti ile 300, hakuna hata mmoja ulioendelea kuwa msikiti hadi leo.

Hofu ya mzazi mmoja

Desemba 1184 msafiri Ibn Jubayr, akirejea kutoka Hija, merikebu yake ilivunjika karibu na Messina. Alikaa Palermo siku chache. Aliwakuta Waislamu wakiwa na vitongoji vyao, masoko yao na kadhi wao, na misikiti yao mingi ikitumika kuwa madrasa za Qur'ani. Lakini swala ya Ijumaa haikuwepo, kwa kuwa hotuba ilikatazwa. Ni siku za Idi tu waliposoma hotuba.

Lililomsikitisha zaidi lilikuwa ndani ya familia. Aliandika kwamba baba akimkasirikia mwanawe, au mama akimkasirikia bintiye, wazazi walihofu kukemea, maana mtoto aliyekasirika angeweza kukimbilia kanisani, na wasimpate tena. Huko Trapani, mmoja wa wakubwa wa Kiislamu alimtuma mwanawe kwa mahujaji akawasihi mmoja wao amchukue binti yake mdogo, amwoe au amwoze amtakaye, mradi atoke kisiwani na dini yake isalimike. Hebu fikiri, ndugu mzazi, ni hofu ya kiasi gani impeleke baba kumtoa binti kwa msafiri asiyemjua, akijua huenda asimwone tena duniani.

Baada ya kufa Mfalme William II mwaka 1189, hali ilizidi kuwa mbaya. Kuanzia miaka ya 1220 Mfalme Frederick II aliwahamisha Waislamu wa Sisilia hadi Lucera, katika bara la Italia, na mwaka 1300 jamii hiyo nayo ilivunjwa, watu wake wakauzwa utumwani.

Palermo ya leo

Mwaka 2015 shirika la UNESCO liliyaingiza majengo tisa ya zama za Waarabu na Wanormani katika Urithi wa Dunia, saba kati yake yakiwa Palermo. Katika baadhi ya mitaa ya kale vibao vya majina vimeandikwa kwa Kitaliano, Kiebrania na Kiarabu. Masoko ya Ballarò na Capo bado yamejaa maturubai, mizani na sauti za wachuuzi, na miongoni mwa wakazi wa mitaa hiyo wamo wahamiaji kutoka Tunisia, Moroko na Bangladeshi. Uko msikiti katika njia ya Via del Celso, ndani ya jengo lililokuwa kanisa. Swala ya Idi imewahi kuswaliwa Foro Italico, uwanda ulio kando ya bahari mbele ya mtaa wa Kalsa. Mwenyezi Mungu huzizungusha siku baina ya watu.

Tuchukue nini basi? Tusichukue majonzi matupu ya utawala uliopita. Tuangalie kilichobaki: mfereji wa maji, neno la elimu, ustadi wa fundi, na aya iliyochongwa juu ya jiwe. Kisha tuangalie kilichopotea: misikiti iliyojengwa ili jina la fulani litajwe, na nyumba ambazo mume na mke, kaka na shemeji hawakuweza kupatana.

Leo ni Ijumaa. Hakuna anayetuzuia kuisikiliza hotuba. Baada ya swala, kabla hatujachangishana kwa ajili ya msikiti mpya ulio mkabala na ule wa zamani, natukae kwanza na wale wa msikiti wa zamani tuzungumze. Na tukifika nyumbani, tuanze na yule tuliyegombana naye jana.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aziunganishe nyoyo zetu, azihifadhi nyumba zetu na dini ya watoto wetu. Amin.