Masomo Mawili ya Mwalimu wa Sayansi

Sekretarieti ya Ajira inapotangaza nafasi za walimu wa sekondari nchini Tanzania, nafasi ya mwenye shahada huandikwa kwa maneno machache: Mwalimu Daraja la III C, kisha jina la somo, liwe Fizikia, Kemia, Baiolojia au Hisabati. Sifa zinazofuata ni za namna mbili. Kuna shahada ya ualimu ambayo somo hilo limo ndani yake, na kuna shahada isiyo ya ualimu yenye somo hilo, ikiongezewa stashahada ya uzamili katika elimu. Neno zito hapo ni somo. Wazazi wengi huhangaikia jina la chuo na mkopo, ilhali swali la somo lilikwisha kujibiwa siku mtoto alipochagua tahasusi, yaani mseto wa masomo ya kidato cha tano na sita, akiwa na miaka 16 au 17.

Anayetaka kufundisha fizikia mara nyingi hupitia PCM (fizikia, kemia, hisabati), PCB (fizikia, kemia, baiolojia) au PGM (fizikia, jiografia, hisabati). Anayetaka kemia na baiolojia mara nyingi hupitia PCB au CBG (kemia, baiolojia, jiografia). Baada ya mtihani wa kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, humtaka mwombaji wa shahada awe na ufaulu mkuu katika masomo mawili, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0. A huhesabiwa pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Hicho ni kiwango cha chini tu. Kila chuo hutaja masomo kinayoyataka kwa kila programu, na vingine hupandisha alama.

Pointi 4.0 ni nini hasa? Ni D mbili, au C moja na E moja. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani, D ya kidato cha sita huanzia alama 50 na E huanzia 40. Kwa hiyo sheria inamruhusu kijana aliyeelewa nusu ya fizikia ya kidato cha sita kuingia chuoni, na baada ya miaka mitatu arudi kuwafundisha wengine fizikia hiyohiyo. Wapo wanaoinuka wakiwa chuoni na kuwa walimu hodari. Hata hivyo, taifa linalolalamika kila mwaka kuhusu matokeo ya sayansi lingefanya vyema kuitazama upya namba hiyo, angalau kwa somo ambalo mtu anakusudia kulifundisha.

Chuoni, mwanafunzi hukutana na mzigo wa aina mbili. Shahada ya Sayansi na Elimu, kama inavyotolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vyake vishiriki vya DUCE na Mkwawa, humtaka asome masomo mawili ya kufundishia, na juu yake saikolojia ya elimu, mitaala, upimaji na mbinu za kufundisha. Kuna pia vipindi vya mazoezi ya kufundisha, ambapo mwanachuo hupangiwa shule, huandaa maazimio ya kazi na kukaguliwa akiwa mbele ya darasa. Masomo mawili si anasa. Shule ya kata yenye walimu wachache wa sayansi humtegemea mwalimu mmoja kubeba kemia na baiolojia kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne.

Hapa ndipo wahitimu wa PCB hujikwaa. Wamesoma fizikia, lakini hisabati yao ni ile ya BAM (Basic Applied Mathematics), iliyo nyepesi kuliko hisabati ya juu ya PCM. Fizikia ya chuo kikuu imejengwa juu ya kalkulasi tangu muhula wa kwanza. Ndiyo maana anayeomba programu yenye fizikia bila hisabati ya juu anapaswa kusoma masharti ya chuo kwa makini: alama yake ya BAM, au ya hisabati ya kidato cha nne, inaweza kuamua kila kitu. Kwa wengi wao, kemia na baiolojia ndiyo njia yenye mwanga zaidi.

Stashahada nayo ina nafasi yake. Mwenye stashahada ya ualimu wa sayansi huajiriwa Daraja la III B na hufundisha kidato cha kwanza hadi cha nne. Akitaka shahada baadaye, TCU humruhusu kuomba akiwa na wastani wa B katika stashahada hiyo pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne.

Historia ya karibuni inaonyesha kwa nini milango hii inalindwa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, shule za kata zikaota kila mahali, na walimu hawakuwapo. Wahitimu wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na kuingizwa madarasani kwa leseni. Wananchi wakawabandika jina la Voda Fasta, kutokana na huduma ya simu ya kuongeza salio haraka. Vijana wenyewe hawakuwa na hatia. Walitumwa kufanya kazi ambayo hawakuandaliwa kuifanya. DUCE na Mkwawa vilianzishwa kuwa vyuo vishiriki mwaka 2005 ili kuziba pengo hilo kwa njia iliyo imara zaidi.

Bado haraka ilirudi. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza kupokea wahitimu wa kidato cha nne kwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na TEHAMA. Mei 2016, wahadhiri wakiwa wamegoma, serikali iliwarudisha nyumbani wanafunzi zaidi ya 7,000. Sifa zao zilihakikiwa, na wengi wakahamishiwa vyuo vya ualimu. Programu hiyo ilipoanza, nchi ilikuwa katika mbio za kutimiza agizo la Rais Jakaya Kikwete kwamba kila shule ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Kuta zinaweza kusimama ndani ya miezi. Kumwandaa mtu anayejua kuongoza wanafunzi 60 katika titresheni bila asidi kumwagikia mtu huchukua miaka.

Kwa aliyesoma shahada ya sayansi tupu, kemia kwa mfano, kisha akavutiwa na ualimu, mlango haujafungwa. Stashahada ya uzamili katika elimu huchukua takriban mwaka mmoja, na Chuo Kikuu Huria huitoa kwa watu wanaoendelea na kazi zao. Ila ieleweke vizuri: stashahada hiyo humfundisha ufundishaji, haimwongezei somo. Mwenye shahada ya biashara hageuki mwalimu wa kemia kwa kuipata.

Kenya nayo huuliza swali hilohilo la somo, tena mapema zaidi. Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, humtaka mwalimu wa sekondari mwenye shahada awe alipata wastani wa C+ katika mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE, na C+ katika kila somo kati ya mawili atakayofundisha. Wapo waliohitimu shahada ya ualimu baada ya miaka minne, wakagundua wakati wa kujisajili kwamba C ya hisabati waliyoipata sekondari bado inawazuia.

Upande wa Tanzania, tangu 2024 tahasusi za kidato cha tano zimeongezwa hadi 65, na kosa la kuchagua limekuwa rahisi zaidi kufanyika. Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, Ofisi ya Rais, TAMISEMI, hufungua mfumo wa mtandaoni wa Selform ili wahitimu waweze kubadili machaguo yao. Dirisha hilo hukaa wazi kwa muda mfupi. Mtoto mwenye C ya fizikia na B ya hisabati, anayeota kusimama mbele ya ubao, anahitaji mtu mzima wa kukaa naye siku hizo, wakiwa na mwongozo wa TCU mkononi, waangalie programu za ualimu wa sayansi zinataka masomo gani kabla hajabonyeza kitufe cha kuhifadhi.