Mashine ya kupanda ngazi ikigoma: chanzo na tiba

Katika nyumba nyingi za wahamiaji mjini Dubai, mashine ndogo ya mazoezi ya kupanda ngazi huishia uvunguni mwa kitanda au kando ya pipa la taka la jengo, ilhali kilichoharibika ni bushi iliyokauka au waya uliochomoka.

Nyingine, ambazo kwa hakika zimekwisha, huendelea kutumiwa. Baadhi huuzwa kwa bei ya chini na kupakiwa katika mizigo ya kwenda Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, huku zikiwa hatari kwa magoti na mgongo wa atakayezipanda.

Tofauti kati ya makundi hayo mawili inaweza kubainishwa na mtu asiye fundi, bila kifaa chochote cha kupimia, kwa kutumia macho, masikio na mikono. Makala haya yanaeleza namna ya kufanya hivyo, na mahali ambapo mtu anapaswa kuacha.

Kwa nini mashine hii?

Dubai ni mji wa majengo marefu, likiwemo jengo la Burj Khalifa lenye urefu wa mita 828 lililofunguliwa Januari mwaka 2010. Hata hivyo wakazi wake wengi hupanda lifti, na wakati wa kiangazi kutembea nje ni adhabu.

Joto hupindukia nyuzi 40 za Selsiasi. Kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, Umoja wa Falme za Kiarabu hupiga marufuku kazi za nje juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa alasiri.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa mlinzi, muuguzi au karani anayeishi katika chumba cha kushirikiana na wenzake, mashine isiyozidi ukubwa wa begi la safari ni njia mojawapo ya kutimiza kiwango hicho.

Chanzo chake si cha starehe. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu kubwa lenye vidato ambalo wafungwa walilazimishwa kulipanda kwa saa nyingi, na adhabu hiyo ilidumu nchini Uingereza hadi mwishoni mwa karne ya 19. Katika miaka ya 1980 kampuni ya StairMaster, iliyoanzia Tulsa nchini Marekani, ilieneza wazo kama hilo katika kumbi za mazoezi.

Inafanyaje kazi?

Mashine ndogo ya nyumbani ina vikanyagio viwili. Chini ya kila kimoja kuna silinda yenye mafuta ndani, inayofanana na shokapu ya pikipiki.

Unapokanyaga, ufito wa chuma huingia ndani ya silinda na kuyasukuma mafuta yapite katika tundu dogo. Ugumu unaousikia mguuni unatokana na mafuta hayo kubanwa. Katika mashine nyingi vikanyagio huunganishwa kwa kamba ya waya inayopita juu ya roda, hivyo kimoja kikishuka kingine hupanda.

Kwa hiyo mambo matatu tu ndiyo yanayoweza kuharibika kwa uzito: silinda, kiungo kati ya vikanyagio, na viungio vinavyozunguka. Kioo cha kuhesabu hatua ni jambo la nne, lakini mashine hufanya kazi hata kikiwa kimezimika.

Uchunguzi uanzie wapi?

Kwanza hakikisha sakafu ni tambarare. Vigae vingi vya nyumba za Dubai ni laini, na mpira wa mguu mmoja wa mashine ukiwa umetoka, mashine nzima itayumba na kutoa mlio unaofanana na wa chuma kilichovunjika.

Pili, ilaze mashine ubavuni juu ya gazeti kuukuu na umulike chini yake kwa tochi. Tafuta alama ya mafuta, kutu, ufa kwenye maungio ya chuma na kamba ya waya iliyoanza kufumuka.

Tatu, isimamishe na ukandamize kila kikanyagio kwa mikono, polepole, kimoja baada ya kingine. Linganisha pande mbili: mashine nzima hutoa ukinzani unaokaribiana kulia na kushoto.

Nne, kaza bolti na nati zote kwa spana. Mtikisiko wa maelfu ya hatua hulegeza nati, na si ajabu tatizo likaishia hapo.

Kikanyagio kinashuka ghafla

Hii ndiyo dalili muhimu kuliko zote. Iwapo upande mmoja unashuka bila ukinzani, angalia kwanza pini inayoshikilia silinda juu na chini. Pini ikiwa imechomoka, irudishe na uifunge kwa nati mpya.

Iwapo pini iko mahali pake na ufito umelowa mafuta, mpira wa sili umekwisha na silinda inavuja. Hapo hakuna tiba ya kudumu ila kubadilisha silinda.

Usijaribu kuifungua, kuitoboa wala kuipasha moto. Silinda hizi huzibwa kiwandani, na baadhi huwa na gesi yenye shinikizo inayoweza kurusha ufito kwa nguvu usoni mwa anayeifungua.

Ili kupata silinda nyingine, pima mambo matatu: umbali kati ya matundu mawili ya kufungia, upana wa matundu hayo, na urefu wa ufito unapotoka nje. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Silinda mpya ikikaa na iliyochoka, mguu mmoja utafanya kazi kuliko mwingine, na nyonga ndiyo itakayolipa.

Iwapo kikanyagio kinashuka vizuri lakini hakirudi juu, silinda haina kosa. Kamba imekatika, imetoka kwenye roda, au springi imechoka. Kazi hii inaweza kufanyika nyumbani, mradi kamba mpya iwe ya unene na urefu uleule. Kamba nyembamba zaidi itakatika mtu akiwa juu yake.

Inakuwa nyepesi baada ya dakika chache

Wengi hudhani mashine imeharibika kwa kuwa huanza ikiwa ngumu, kisha baada ya dakika kumi au kumi na tano huwa nyepesi. Aghalabu si ubovu.

Mafuta yanapopata joto huwa mepesi na kupita kwa urahisi katika tundu. Ukigusa silinda baada ya mazoezi utaikuta ina moto, hivyo jihadhari. Iache ipumzike mpaka ipoe, na ugumu utarejea.

Mashine iliyowekwa roshani mwezi Agosti huanza mazoezi ikiwa tayari imepata joto. Kuihamishia chumbani penye kiyoyozi ni matengenezo yasiyogharimu kitu. Lakini iwapo asubuhi, ikiwa imepoa kabisa, bado ni nyepesi kuliko zamani, basi imepoteza mafuta.

Sauti inasema nini?

Mlio mwembamba wa kukwaruza kila hatua humaanisha bushi imekauka. Vumbi la jangwani na unyevu wa pwani huharakisha jambo hili. Futa uchafu wa zamani kwa kitambaa, kisha utie grisi kidogo.

Mafuta ya kupikia hayafai, kwani huganda na kunasa vumbi. Dawa ya kupuliza ya kuondoa kutu nayo hunyamazisha mlio kwa siku chache tu, kwa sababu kazi yake si kulainisha kwa muda mrefu.

Mgongano mmoja mzito kila unapobadili mguu huashiria bolti iliyolegea au tundu lililopanuka. Mngurumo wa kusaga unaosikika mfululizo hutoka kwenye beringi iliyokufa, na beringi hailainishwi bali hubadilishwa.

Kioo hakihesabu

Badilisha betri kwanza, na usugue kutu kwenye vibati vinavyoigusa. Kama kioo kinawaka lakini hesabu haisogei, tafuta sumaku ndogo kwenye mkono wa kikanyagio na kihisio kilicho mkabala nayo.

Viwili hivyo vinapaswa kupishana kwa karibu sana bila kugusana. Sumaku ikisogea au kudondoka, hesabu husimama. Chunguza pia waya mahali unapojikunja, kwani hapo ndipo hukatika ndani kwa ndani bila ganda kuonyesha dalili.

Vipi kuhusu mashine kubwa?

Mashine kubwa zina mkanda au mnyororo, breki ya sumaku na, katika baadhi yake, umeme wa ukutani. Kikanyagio kinachoteleza kwa kushtuka huelekeza kwenye mkanda uliolegea au mnyororo uliovutika. Mkanda usipakwe mafuta wala grisi kamwe, kwa kuwa hufanya kazi kwa kushika.

Katika zile zenye ngazi zinazozunguka, ngazi zinatakiwa kusimama imara unaposimamisha mashine. Zikiendelea kuteremka chini ya uzito wako, breki imeshindwa. Shuka, chomoa plagi, na usipande tena hadi fundi mwenye ujuzi wa mashine hizo aitazame.

Vivyo hivyo iwapo swichi kuu ya nyumba inajikata kila unapochomeka mashine: umeme unavuja mahali fulani. Swichi hiyo inakulinda, na kubadilisha soketi hakuondoi hatari. Hata baada ya plagi kuchomolewa, baadhi ya vifaa vya ndani huhifadhi umeme kwa muda, hivyo kifuniko cha sehemu hiyo si cha kufunguliwa nyumbani.

Kabla ya kununua au kusafirisha

Mashine zilizotumika hupatikana kwa wingi Dubai, hasa familia zinapomaliza mikataba na kuondoka. Muuzaji humwalika mnunuzi ajaribu kwa hatua chache, naye huridhika.

Hatua chache hazitoshi. Silinda iliyochoka hujificha ikiwa baridi na kujifichua ikipata joto. Omba kupanda kwa dakika kumi kamili, kisha kagua tena mafuta kwenye ufito na usikilize upya. Muuzaji anayekataa dakika kumi amekwisha kukujibu.

Soma pia kibati cha uzito. Mashine nyingi ndogo zimetengenezwa kwa watu wasiozidi kilo 100 au 120, na kuzidisha kiwango hicho hupinda mihimili hata kama silinda ni mpya.

Kwa mashine ya umeme, tazama volti. Umeme wa Falme za Kiarabu ni wa kati ya volti 220 na 240 na herzi 50, nao unalingana na wa Kenya, Tanzania na Uganda, hata plagi ya pini tatu ni ileile. Lakini mashine iliyoletwa na mtu aliyetoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120. Ikichomekwa ukutani bila transfoma, itaungua kabla haijapandwa.

Kama mashine ni mpya, usifungue hata bolti moja kabla ya kusoma masharti ya dhamana. Sheria ya Shirikisho namba 15 ya mwaka 2020 kuhusu ulinzi wa mlaji inampa mnunuzi haki ya kutengenezewa, kubadilishiwa au kurejeshewa fedha bidhaa inapokuwa na kasoro. Risiti ndiyo silaha yake.

Litengenezwe au liachwe?

Kukaza, kulainisha, kubadilisha betri, kamba au silinda nzima ni kazi za nyumbani. Ufa kwenye chuma, breki iliyoshindwa na umeme unaovuja si kazi za nyumbani.

Chuma chenye ufa kisichomewe ili kuuzwa. Kitashika kwa wiki kadhaa, kisha kitakatika chini ya mguu wa mtu asiyejua historia yake, pengine mama mzee huko nyumbani aliyetumiwa mashine hiyo na mwanawe kwa nia njema.

Na wakati silinda mpya inasubiriwa, jengo lolote la ghorofa lina ngazi zake za dharura. Asubuhi na mapema, kabla hazijashika joto, zinapandika bila betri, bila mafuta na bila dhamana.